Unguja au Pemba: hali ya hewa ya kila siku, na upande wa kisiwa utakaokufaa

Anayehamishwa kikazi, anayetafuta kiwanja na anayetaka shamba, wote huanza kwa kuuliza: "Wapi kuna joto zaidi, Unguja au Pemba?" Swali hilo halitamfikisha mbali, kwa sababu kwa joto visiwa hivi ni mtu na ndugu yake. Kinachovitenga ni maji: mvua inayoshuka, unyevu unaobaki baada yake, na upepo unaoukausha. Tena, kabla ya kuchagua kisiwa, ni bora uchague upande wa kisiwa. Shamba la Micheweni, kaskazini mashariki ya Pemba, linashabihiana zaidi na shamba la Makunduchi kule Unguja kuliko na bonde la Mtambile, ingawa Micheweni na Mtambile zimo kisiwa kimoja.

Pemba iko kiasi cha digrii 5 kusini ya ikweta, Unguja kiasi cha digrii 6, na baina yao kuna kilomita 50 hivi za bahari. Unguja imekaa juu ya ukingo wa bara. Maji yaliyo kati yake na Bagamoyo ni mafupi, na zama za kale pale palikuwa nchi kavu. Pemba imesimama peke yake. Mkondo unaoitenga na Tanga una kina cha mita 800 hivi. Upande wa magharibi wa Unguja una udongo wa kina na matuta, na kilele chake ni Masingini, mita 120 hivi juu ya bahari. Ukivuka katikati kuelekea mashariki unaingia uwandani: jiwe la matumbawe, vichaka, na udongo kiduchu uliojificha kwenye mashimo ya mawe. Pemba haina kilima kinachofika mita 100, lakini vilima vyake vimejaa, kimoja baada ya kingine, na chini ya kila kilima kuna bonde linaloshika maji. Ukanda wake wa mashariki nao ni maweni, kama wa Unguja.

Kwa wastani wa mwaka, Unguja hupata mvua ya milimita 1,600 hivi na Pemba 1,900 hivi. Tofauti ya milimita 300 si ndogo, ila wastani huo unaficha jambo: katika kila kisiwa, magharibi na katikati hunyweshwa, mashariki hupunjwa. Ndiyo maana upande unatangulia kisiwa.

Mwaka unavyokwenda

Kaskazi huanza Disemba na kuendelea mpaka katikati ya Machi. Upepo unatoka kaskazini mashariki, anga ni safi, jua ni kali. Mchana Unguja mjini hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, na usiku haishuki sana chini ya 24. Pemba kwa kawaida iko chini kwa nyuzi moja hivi, na kwenye miti mingi ya Konde na Ngezi mtu hulihisi joto dogo zaidi kuliko linavyosomeka, kwa vile jua halimpigi moja kwa moja. Mapema mwezi wa Machi, na tena mapema Oktoba, jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa. Ukuta hauna kivuli upande wowote, na anayefanya kazi ya nje, awe mwashi au mkulima, apange kupumzika kuanzia saa sita mpaka saa tisa.

Kipindi kigumu kuliko vyote si katikati ya kaskazi. Ni pale kaskazi inapokufa na kusi, upepo wa kusini mashariki, haijashika: siku za tanga mbili, mwishoni mwa Machi na kuingia Aprili. Upepo unasita, unyevu unapanda, na baina ya mvua na mvua wingu linatanda bila kunyesha. Hilo ndilo fukuto. Kipimajoto kinaonyesha nyuzi 31 tu, na bado nguo inagandana na mgongo. Katika siku hizo visiwa vyote viwili vinachosha. Unguja inachosha zaidi mjini, hasa Ng'ambo, ambako mabati na saruji hushika joto la mchana na kulitoa usiku. Mji Mkongwe una nafuu yake: vichochoro vyembamba vinajikinga jua, na kuta nene za mawe na chokaa huchelewa kupata joto.

Wenye umri wa kukumbuka wanalijua joto la kaskazi bila feni. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilikaa karibu miezi mitatu bila umeme, baada ya hitilafu kwenye njia ya umeme inayotoka bara kupitia chini ya bahari, na miezi hiyo ndiyo hasa miezi ya joto. Pemba ina waya wake mbali, unaotokea upande wa Tanga, na ulianza kazi mwaka 2010. Funzo kwa mjenzi ni jepesi: nyumba ijengwe iweze kukalika hata feni ikizima.

Masika huingia katikati ya Machi na kutoka mwisho wa Mei. Aprili peke yake inaweza kupita milimita 300 katika kisiwa chochote kati ya viwili hivi. Unguja mvua huwa imeanza kulegea Mei ikifika katikati. Pemba mwezi wa Mei nao hubaki mzito. Wiki hizo chache za ziada ndizo zinazomchosha mgeni wa Pemba, maana hapo ndipo nguo zinapoanza kunuka na viatu kuota kuvu.

Juni, Julai na Agosti ni kipupwe. Kusi inavuma sawasawa, mchana ni nyuzi 28 au 29, usiku hushuka mpaka 21 au 22, na wazee hutoa mashuka mazito. Kwa maisha ya kila siku hakuna msimu bora kuliko huu. Manyunyu ya mchoo hupita katikati yake, na Pemba huyapata vizuri zaidi. Mkulima mwerevu huyatumia kupandia kunde na choroko. Septemba ni kavu, bahari inatulia taratibu. Oktoba mpaka Disemba ni vuli, mvua ya kubahatisha. Kuna miaka inagharikisha, kama 1997, 2019 na 2023, pale maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kuliko kawaida, na kuna miaka inapita na rasharasha tu. Masika mtu anaweza kuitegemea. Vuli asiiweke dhamana.

Siku moja, saa kwa saa

Alfajiri upepo ni mwembamba na hutoka nchi kavu. Wavuvi huuita umande. Kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi kuna utulivu, na jua limeshaanza kuuma. Baada ya saa nne upepo wa bahari hujiunga na upepo wa msimu na kushika nguvu mpaka alasiri. Jua likizama unalegea, na saa moja mpaka saa nne usiku ndio wakati wa fukuto la ndani ya nyumba. Anayeishi pwani ya mashariki, Jambiani au Paje, hupata upepo karibu mwaka mzima kwa sababu kusi na kaskazi zote zinatoka nusu ya mashariki. Anayeishi pwani ya magharibi, Mkoani au Wete au Unguja mjini, amekingwa na kisiwa chenyewe: bahari yake ni tulivu zaidi, lakini hewa yake ni nzito zaidi.

Basi hapo pana mizani ya kweli. Mashariki inakupa upepo na ukavu, na inakudai kwa chumvi na uhaba wa maji. Magharibi inakupa maji, udongo na kivuli, na inakudai kwa unyevu.

Kuanika: kipimo cha kweli cha hali ya hewa

Ukitaka kujua tofauti ya visiwa hivi, usiangalie kipimajoto. Angalia jamvi la karafuu. Mavuno ya karafuu huangukia pia miezi ya vuli, na Pemba, iliyo na mikarafuu mingi kuliko Unguja, ndiyo hiyo hiyo yenye mvua nyingi. Kwa hiyo kila mwenye shamba la mikarafuu anashindana na wingu.

Karafuu ikishachumwa hutolewa makonyo, yaani vikonyo vyake, siku ile ile. Ikilala na makonyo yake ndani ya gunia hupata joto, na kazi inaharibika kabla ya kuanza. Huanikwa kwenye jamvi, tandiko moja jembamba ambalo ukipitisha kidole unaligusa jamvi. Inageuzwa mara kadhaa kwa siku, na jioni inakusanywa na kufunikwa kabla umande haujashuka. Kwa jua zuri huchukua siku nne au tano. Kilo tatu za mbichi hutoa karibu kilo moja ya kavu. Iliyokauka huwa na rangi ya hudhurungi iliyokoza, kichwa chake kimepauka kidogo, na ukiishika kwa vidole viwili na kuikunja inakatika kwa mlio. Ikipinda bila kukatika, bado.

Kinachoharibu si mvua iliyoinyeshea peke yake. Kinachoharibu ni kuirundika ikiwa na maji. Karafuu iliyolowa ikilala kwenye lundo inachacha usiku huo huo. Asubuhi inatoka imepauka, imesinyaa, nyepesi mkononi, na hakuna jua la baadaye litakalorudisha rangi wala mafuta yake. Wingu likikukuta, itandaze ndani ya nyumba, chumbani, ukumbini, popote penye sakafu kavu, ikae tandiko jembamba mpaka jua litoke. Lami si mahali pa kuanika: inashika harufu, mchanga na mafuta ya magari, na mnunuzi anayejua kazi yake huitambua.

Mwenye mikarafuu Unguja, upande wa Kizimbani na Kitope, anapata siku za jua zaidi kidogo, lakini mti wake huathirika zaidi kaskazi ikirefuka, hasa mche ambao haujatimiza miaka mitatu. Huo hutaka kivuli cha migomba na maji ya kumwagia. Pemba mche hupita kaskazi kwa urahisi zaidi, ndiyo maana mti umeelemea huko.

Historia nayo iliusukuma. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika. Tangu hapo kisiwa cha karafuu kikawa Pemba. Kwa latitudo hizi vimbunga ni nadra, ila havikatazwi: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika mpaka Mafia, kusini tu ya Unguja. Ukijenga, usiamini kwamba paa halihitaji kufungwa.

Kwa mwani hali ni kinyume. Mwani hutaka jua la kuanikia siku mbili tatu na maji yasiyokuwa ya moto. Kaskazi maji ya kina kifupi ya Paje na Jambiani hupata joto sana wakati wa kupwa, na ile aina nene iitwayo kotoni hupauka, inalainika na kukatika kwenye kamba. Aina ya spinosamu huvumilia zaidi, ila bei yake ni ndogo. Wakulima wa Pemba hulima kwa wingi zaidi siku hizi, lakini masika huwasumbua kwenye kuanika: mwani uliokaribia kukauka ukinyeshewa huoshwa chumvi yake, unapauka na kupoteza thamani. Uanikwe juu ya chanja, usianikwe mchangani, na turubai liwe karibu.

Nyumba, bati na kutu

Mtu anayejenga Pemba kwa ramani aliyoichukua Unguja hujuta msimu wa kwanza wa mvua, na wa Pemba akijenga Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, kama alivyozoea Chake Chake hujuta baada ya miaka miwili, bati likianza kutoboka.

Mwelekeo wa nyumba ni mmoja kwa visiwa vyote: kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, kuta fupi zitazame mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige eneo dogo. Kwa kuwa kusi na kaskazi zote hutoka upande wa mashariki, vyumba vya kulala viwekwe kusini mashariki au kaskazini mashariki, jiko na choo viwe magharibi ili moshi na harufu vitoke vikienda zao. Kila chumba kiwe na madirisha mawili kwenye kuta tofauti. Dirisha moja ni shimo tu. Upepo hauna pa kutokea, kwa hiyo hauingii.

Upenu ndio unaotofautiana. Kwa Pemba na kwa magharibi ya Unguja, upenu usipungue sentimita 80, maana mvua ya masika hupiga kwa mshazari kutoka kusini mashariki na kulowesha ukuta mchana kutwa. Ukuta uliolowa Mei haukauki mpaka Julai, na kuvu jeusi huanzia kwenye kona ya chumba nyuma ya kabati. Kabati liache nafasi ya sentimita 10 na ukuta. Msingi uinuliwe sentimita 45 au zaidi kutoka usawa wa ardhi, na kwenye miteremko ya Pemba uchimbe mtaro upande wa juu wa nyumba, si wa chini, kwa sababu maji yanatoka juu. Wengi huchimba wa chini, halafu wanashangaa sakafu inatoka jasho.

Kwa pwani ya mashariki adui ni chumvi. Kusi ikivuma, povu la mwamba wa nje husagika na kuwa rasharasha isiyoonekana, ikaingia hadi mita mamia kadhaa ndani. Itazame misumari ya bati ya jirani: ukiona duara la kutu jekundu kuzunguka kila kichwa cha msumari na michirizi ikishuka kwenye bati, hapo bati la geji 30 la bei rahisi halitakuvusha. Chukua geji 28 iliyopakwa rangi au yenye mchanganyiko wa alumini, misumari yenye mpira, na uipake rangi sehemu zote zilizokatwa kwa msumeno au mkasi, maana kutu huanzia hapo. Nondo zifunikwe kwa zege ya sentimita 4 au 5. Mchanga wa ufukweni usitumike: chumvi iliyomo huila nondo kutoka ndani, nondo inavimba, zege linapasuka, na ufa wa kwanza utauona kwenye nguzo ya baraza. Maji ya kisima chenye chumvi yana dhambi hiyo hiyo.

Makuti ni baridi kuliko bati lolote, na kwa pwani ya mashariki yenye upepo hukauka haraka baada ya mvua, hivyo hudumu. Pemba chini ya miti yanabaki mabichi, yanaota kuvu na kuoza mapema. Ukiyataka huko, paa liwe na mwinamo mkali, nyuzi 45 au karibu, na usiache matawi ya mwembe yakaning'inia juu yake.

Maji: hesabu ya tangi

Hapa ndipo wengi hukosea. Hesabu ni nyepesi: milimita 1 ya mvua ikinyeshea mita mraba 1 ya paa hutoa lita 1. Toa asilimia 20 kwa yanayomwagika na kupotea.

Paa la mita mraba 50, kwa mvua ya Pemba ya milimita 1,900, hutoa lita 76,000 kwa mwaka. Kwa Unguja ya milimita 1,600 hutoa lita 64,000. Familia ya watu sita ikitumia lita 20 kwa kila mtu inahitaji lita 120 kwa siku, yaani lita 43,800 kwa mwaka. Kwa jumla ya mwaka, basi, maji yanatosha visiwani kote. Tatizo ni kwamba hayaji kwa mpangilio unaoutaka. Baina ya katikati ya Disemba na katikati ya Machi unaweza kukaa siku 90 na matone tu. Siku 90 kwa lita 120 ni lita 10,800.

Kwa Jambiani, Makunduchi, Micheweni na Kiuyu, ambako kisima cha jirani kinaweza kuwa cha chumvi, nunua matangi ya kutosha lita 10,800 au zaidi. Kwa Mtambile, Wete ya ndani, Mahonda au Dunga, ambako visima vya maji matamu viko jirani, tangi la 5,000 linakuvusha siku 41 na mengine unachota. Mvua ya kwanza baada ya kaskazi usiiingize tangini: acha dakika kumi na tano za mwanzo zioshe vumbi, kinyesi cha ndege na majani kwenye bati, ndipo ugeuze bomba. Kwa pwani ya mashariki mvua hiyo ya kwanza huosha pia chumvi, na ukiionja utaijua. Maji ya kunywa yachemshwe mwaka mzima. Masika ndio msimu ambao vyoo vya mabondeni hufurika na maradhi ya tumbo hupanda.

Mjini Unguja shida ni kinyume, maji yakizidi hayana pa kwenda. Mabonde ya mitaa kama Jang'ombe na Mwanakwerekwe yanajulikana kwa kutuama maji kila masika nzito. Pemba maji hayatuami sana kwenye makazi ya juu. Yanakimbia, na yakikimbia yanachukua udongo. Shamba la mteremko Pemba lipandwe kwa makinga maji yanayofuata usawa wa kilima, na mananasi au majani ya tembo juu ya tuta, la sivyo baada ya miaka michache muhogo unaota kwenye udongo mwekundu usio na rutuba.

Safari na bahari

Anayechagua Pemba huku kazi au familia yake iko Unguja aijue njia. Kusi ikivuma, hasa Juni mpaka Agosti, boti inayotoka bandari ya Malindi, Unguja mjini, kwenda Mkoani inasukumwa na mawimbi kutoka nyuma. Safari inayumbisha lakini inavumilika. Kurudi ndiko kugumu, kwa sababu unapasua upepo na mawimbi usoni, na eneo la mkondo wa Nungwi huwa na machafuko zaidi pale maji ya kupwa na kujaa yanapokutana na upepo. Kaskazi mambo hugeuka: kwenda Pemba ndiko kunakopiga, kurudi ni nafuu. Msafiri anayetapika akae katikati ya boti, chini, karibu na nyuma, na achague kurudi kwa safari ya asubuhi kabla upepo haujapanda. Septemba mwishoni mpaka Novemba, na wiki chache za Machi, bahari huwa tulivu kuliko nyakati nyingine. Mgonjwa au mzee asafirishwe wakati huo kama kuna hiari, na nje ya hapo ni bora ndege. Taarifa ya upepo na mawimbi hutolewa kila siku na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ikitaja mawimbi yanayozidi mita mbili, vyombo vidogo vikae bandarini.

Kwa anayetegemea pwani kila siku, bamvua ya visiwa hivi hufikia tofauti ya mita 4 hivi kati ya maji kujaa na kupwa. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kiwanja kinachoonekana kikavu saa nne asubuhi kinaweza kuwa na maji mlangoni saa kumi alasiri.

Nani aende wapi

Mwenye pumu au mzio wa kuvu asikimbilie mabonde ya Pemba wala Ng'ambo ya chini. Pwani ya mashariki ya Unguja yenye upepo itamfaa zaidi, au Micheweni. Mwenye vitabu, vyombo vya umeme na cherehani vya kutunza atapata kazi ndogo zaidi huko huko, mradi afunike vitu dhidi ya chumvi. Mkulima wa mpunga, ndizi, viungo na karafuu aende Pemba ya magharibi na katikati bila kusita. Wa pilipili, kunde, mtama na tikiti atapata mavuno mazuri kwenye maweni ya kisiwa chochote, ila apande mara mvua ya kwanza ikishika, kwa sababu udongo wa mawe hauhifadhi maji zaidi ya siku chache. Mfanyakazi wa ofisi mwenye watoto wadogo, anayehofia joto la usiku, atalala vizuri zaidi Pemba juu ya kilima, au Unguja maeneo ya juu karibu na Masingini, kuliko katikati ya mji.

Na kiwanja chochote unachokitaka, kitembelee mara mbili kabla ya kulipa. Mara ya kwanza nenda wiki ya mwisho ya Februari: onja maji ya kisima cha jirani, uliza ndoo moja inachukua dakika ngapi kujaa, tazama kama minazi imenyong'onyea. Mara ya pili nenda mapema Mei, asubuhi baada ya mvua ya usiku, ukiwa na viatu vya mpira. Tafuta mstari wa tope kwenye kuta za nyumba za jirani na upime urefu wake kutoka chini. Msingi wako upite hapo kwa sentimita 30. Kisha fungua kabati la nguo la mwenyeji, kwa ruhusa yake, na unuse.